Kibarua Changu, Kibarua Wangu

Hotuba kwa mafundi, vibarua, makarani wa mjengo na wanafunzi wa uandishi wa habari, Mombasa, mkesha wa Mei Mosi

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, ndugu zangu mliokuja moja kwa moja kutoka mjengoni na simiti ingali viatuni, hamjambo.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia hivi: "Mwalimu, njoo utuelezee hili neno kibarua, maana vijana wanalikataa na matajiri wanalipenda." Nikamjibu kwamba hapo hotuba ameshaitoa yeye, mimi kazi yangu ni kujazia tu. Neno likipendwa na anayelipa, likachukiwa na anayelipwa, basi kuna jambo limefichwa ndani yake, na leo nataka tulifungue tuone.

Tuanzie magazetini, kwa kuwa wanafunzi wa habari mko hapa na mtanisamehe. Fungueni ukurasa wa michezo wa gazeti lolote la Kiswahili. Kocha akifungwa mechi tatu, "kibarua chake kiko hatarini". Akifungwa ya nne, "kibarua kimeota nyasi". Geuzeni ukurasa wa siasa: gavana mpya "ana kibarua kigumu", waziri "anakabiliwa na kibarua kizito" cha kushawishi bunge. Hawa wote wana madereva. Kocha ana mkataba uliosomwa na wakili kabla hajautia sahihi, na akifukuzwa kabla ya muda analipwa fidia. Lakini kwenye ukurasa wa habari za kaunti, ukuta ukiangukia watu kwenye jengo linalojengwa, wale waliokuwa chini yake wanaandikwa "wafanyakazi wa mjengo", au "watu watatu". Neno limehama. Limepanda ghorofani kwa wakubwa, na huko juu limekuwa tamu, lina utani kidogo. Huku chini, kijana akiulizwa ukweni anafanya kazi gani, afadhali aseme "niko kwa kampuni fulani" kuliko kusema "mimi ni kibarua".

Sikilizeni pia sarufi yake, maana sarufi yetu haifichi siri. Mtu akisema "kibarua changu", anazungumzia kazi yake. Akisema "kibarua wangu", anazungumzia mtu wake. Herufi zimebadilika kidogo sana, lakini wasemaji ni wawili: wa kwanza ameamka alfajiri kukitafuta, wa pili amekaa anamsubiri. Kibarua kazi *kinaota* nyasi, *kinapotea*, *kinapatikana*. Kibarua mtu *anachelewa*, *anaanguka*, *analipwa*. Tunafanya hivyo hivyo kwa kiongozi na kijana: umbo ni la ki- na vi-, lakini upatanisho ni wa watu. Nimewahi kumsikia msimamizi mmoja akisema "vibarua vyangu vimefika", na wenyewe wamesimama pale pale. Walimu wa lugha wangesema amekosea upatanisho. Mimi nadhani alisema hasa alichomaanisha.

Sasa, kibarua ni nini?

Ni barua ndogo, basi. Barua ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na ki- ni ile ya kudogosha. Wanakamusi wa kale wa Kiswahili wanaeleza wazi: mtu aliyeajiriwa kwa siku alipewa kijikaratasi au kadi, na alipokwenda kuchukua ujira wake alikirudisha. Kikaratasi hicho ndicho kilichoitwa kibarua. Baadaye jina likamrukia aliyekishika, kisha likairukia kazi yenyewe. Kwa hiyo vijana wanaosema hili neno ni la dharau kwa sababu lina ki-, kama kijitu, wana haki ya kuudhika na dharau wanayoipata, lakini ile ki- si yao. Ki- ilikuja kwa ajili ya udogo wa karatasi. Mtu aliingia baadaye na kuikuta.

Na kikaratasi kile kilikuwa na nguvu kuliko tunavyodhani. Kilikuwa ni dai. Kilisema: huyu ameshinda juani kwangu leo, na bado sijamlipa. Asiyekuwa nacho jioni hakuwa na la kusema. Mwenye nacho hakuhitaji kusema.

Lakini nisiwapambie. Katika karne ya 19, mjini Unguja na huku kwetu pwani, vibarua wengi walikuwa watumwa. Bwana mwenye watumwa mjini hakuwa na shamba la kuwatosha wote, au aliona fedha taslimu ni bora, basi akawaachia watafute kazi za siku: kupakua majahazi, kubeba mizigo forodhani, kusafisha sandarusi, yaani utomvu mkavu wa miti, kwenye maghala ya wafanyabiashara wa kigeni, kujenga. Jioni ujira ule uligawanywa, sehemu ikaenda kwa bwana. Kikaratasi kilikuwa mkononi mwa mmoja, na fedha zake zilikuwa na wenyewe wawili. Sheria ya kufuta hadhi ya utumwa ilitangazwa Zanzibar mwaka 1897, huku pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika 1922. Watu wakawa huru, ila kazi ya siku ikabaki na neno lake likabaki. Nadhani harufu ambayo vijana wanaisikia kwenye neno hili inatoka huko, hata kama hawajasoma historia hiyo popote. Lugha hukumbuka kwa niaba ya watu.

Hapo kuna jambo dogo la pembeni, mniruhusu. Mtumwa ni mtu aliyetumwa. Mtumishi naye anatoka kwenye mzizi huo huo wa kutuma. Leo "mtumishi wa umma" ana pensheni, ana bima, ana likizo, na hakuna anayeona aibu kuitwa hivyo. Anaandika kwenye kadi ya mwaliko wa harusi. Kwa hiyo msiniambie kwamba neno haliwezi kusafishika. Maneno husafishwa na masharti ya kazi.

Turudi. Kulikuwa na majina mengine, na kila moja lina tabia yake. Mpagazi alikuwa mtu wa misafara, wa njia ya Bagamoyo kwenda Tabora mpaka Ujiji. Mzigo wake ulikadiriwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, mbali na vyombo vyake mwenyewe. Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo kwa kulipwa na kwa kujivuna, na kiongozi wao aliitwa mnyampara. Mnamjua huyo. Ndiye nyapara wenu wa leo anayewapigia kelele mjengoni. Amevuka kutoka msafara wa pembe za ndovu hadi ghorofa la Nyali bila kubadilisha tabia. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakawakusanya wapagazi kwa maelfu, wengi kwa nguvu, na maelfu wakafa, zaidi kwa maradhi kuliko risasi. Kikosi hicho cha wabeba mizigo kiliacha jina Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Watu huenda huko kununua viatu na mikeka, na hawajui wanatamka jina la jeshi la watu waliobeba.

Hamali, mbeba magunia, mnamwona kila alfajiri sokoni Kongowea. Kuli ana safari ndefu zaidi. Neno hilo lilitufikia kutoka Bara Hindi kwa njia ya Waingereza. Reli ilipojengwa kutoka hapa Mombasa, kuanzia 1896 hadi ilipofika ziwani Kisumu 1901, waliletwa Wahindi zaidi ya 31,000, na kwenye karatasi za Kizungu wengi wao waliitwa kwa neno hilo. Kule Afrika Kusini mpaka leo ukimwita Mhindi hivyo umemtukana vibaya. Huku kwetu likabadilisha ngozi: likatoka kwa Mhindi wa reli, likamkaa Mwafrika wa bandarini. Na makuli wa Kilindini hawakulionea haya kila wakati. Nimewasikia wazee, mmoja wao ameketi hapa na anatabasamu, wakisema "mimi nilikuwa kuli" kwa sauti ile ile mtu anayosema "mimi nilikuwa baharia".

Ukivuka mpaka ukaenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro unakutana na manamba. Hawa walitolewa mbali, Kigoma, kusini, hata Msumbiji na Ruanda-Urundi, wakaletwa kwa treni na malori na ile ofisi ya kuandikisha watu wa mkonge iliyoitwa SILABU, iliyoanzishwa 1944. Kila mmoja alikuwa na namba. Namba ikawa jina lake. Mpagazi angalau aliitwa kwa kazi aliyoifanya mgongo wake. Manamba aliitwa kwa tarakimu iliyoandikwa na karani.

Hapo ndipo ninapotaka mtulie kidogo, kwa sababu karatasi inarudi. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria ya kuandikisha Waafrika mwaka 1915, na vita vilipokwisha ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande. Kipande kilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, siku ya kuanza kazi, kiasi cha mshahara, na nafasi ya mwajiri kutia sahihi siku ya kumwachilia. Kilitiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Ukiondoka kabla ya sahihi, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa jinai. Harry Thuku aliposimama Nairobi kuwasemea watu, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa. Alikamatwa Machi 1922, na waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Mfumo huo haukuondolewa mpaka 1947.

Tazameni vikaratasi hivi viwili. Vyote vinaanza na ki-, vyote ni vidogo, vyote vinashikwa na mtu anayefanya kazi kwa mikono. Kibarua kilimdai tajiri. Kipande kilimdai mfanyakazi.

Na mwaka huo huo wa 1947 ndio mji huu uliposimama. Januari 13, mgomo mkuu. Watu kama 15,000, kwa siku kumi na zaidi: bandari, reli, mahoteli, hata majumbani. Mkiuliza vijana wa Mombasa leo habari za Chege Kibachia, aliyekuja kuongoza shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa na mgomo ule na akakamatwa Agosti mwaka huo, wengi watadhani ni mchezaji wa zamani. Lakini kwa mada yetu ya leo linalonivutia ni kile wakubwa walichoogopa baada ya mgomo. Waliogopa kazi ya kibarua!

Naam. Kuli wa siku wa Kilindini wa wakati ule alikuwa na kitu ambacho kibarua wa leo hana. Ujira wa siku moja bandarini ulikuwa mzuri ukilinganisha na kazi nyingine za mji, na meli zilikuwa nyingi. Aliweza kufanya kazi nusu ya mwezi, nusu nyingine akaenda kwenye shamba lake la bara, au akalala. Ukimwambia "usije kesho", hakuwa na cha kupoteza. Alikuwa hana nia ya kuja kesho. Mtu wa namna hiyo hatishiki kwa kufukuzwa. Serikali na wenye kampuni za bandari wakaona dawa ni kumwandikisha, kumpangia siku za lazima, na polepole kumpa kazi ya mwezi. Katika miaka ya 1950 ndivyo ilivyofanyika, na vyama vya wafanyakazi navyo vikaikamata hiyo kazi ya mwezi na kuipigania, kwa sababu ilikuja na nyumba, na malipo ya ugonjwa, na uzee.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kazi ya siku ni ubaya tangu kuumbwa kwake. Kuna wakati ilikuwa hiari. Ubaya umeingia pale mtu anapofanya kazi kila siku, mwezi baada ya mwezi, mahali pale pale, kwa nyapara yule yule, na bado anaambiwa yeye ni wa siku.

Mshahara, ndugu zangu, ni neno la mwezi. Waarabu wanaita mwezi *shahr*. Mwenye mshahara amepewa mwezi mzima mkononi: anajua kodi, anajua karo, anaweza kukopa sukari dukani akaaminiwa. Kibarua hana mwezi, ana siku. Mvua ikinyesha asubuhi zege halimwagwi, na siku imekufa. Mtoto akiugua, siku imekufa. Lori la kokoto likikwama Mariakani, siku imekufa, na si yeye aliyelikwamisha.

Nilishawahi kuonyeshwa daftari la mahudhurio la mjengo mmoja, sitautaja, nilipoombwa kuwasaidia watu kuandika barua ya malalamiko. Lilikuwa daftari la shule, lile la mistari, jalada limeingia chokaa. Kila ukurasa umepigwa safu kwa rula: jina, namba ya kitambulisho, kazi, kiasi, sahihi. Kwenye safu ya kazi, mafundi wameandikwa sawasawa: mwashi, plasta, chuma, bomba. Chini yao, mistari mingi imejazwa kwa herufi moja tu, K. K, K, K, K mpaka chini. Karani amechoka kuandika vibarua. Kisha nikaona jambo jingine. Mtu mmoja, mwenye namba ile ile ya kitambulisho, kwa wiki tatu aliitwa jina lake, halafu akapotea siku nne, halafu akarudi kwa jina la pili tu, kama mtu mpya. Nikauliza. Wakacheka. Mmoja akaniambia, "Hiyo inaitwa kukata mwezi, mwalimu. Ukikaribia mwezi unapumzishwa, ukirudi wewe ni mgeni."

Kwa nini wakate mwezi? Kwa sababu kuna sheria wanaikimbia, na wanaijua kuliko ninyi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamweleza mfanyakazi wa siku hivi, kwa maneno yangu: ni yule ambaye masharti yake yanataka alipwe mwisho wa kila siku, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Basi. Huyo ndiye kibarua mbele ya sheria. Kifungu cha 37 kinaendelea. Ukifanya kazi mfululizo siku ambazo zikijumlishwa hazipungui mwezi mmoja, au ukipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kwisha chini ya miezi mitatu, huwi kibarua tena. Mkataba wako umegeuka wenyewe, hata kama hakuna aliyetia sahihi kitu, na kuanzia hapo kukuachisha kunataka notisi ya maandishi ya siku 28. Ukifikisha miezi miwili mfululizo, unastahili masharti ya kazi ambayo ungepewa kama usingeanza kama kibarua. Na katika kuhesabu, baada ya siku sita za kazi mfululizo una haki ya siku moja ya mapumziko yenye malipo, na siku hiyo inahesabiwa ndani ya mfululizo, sikukuu za taifa vilevile. Kwa hiyo yule anayekuambia "Jumapili hukuja, mfululizo umekatika", mwambieni akasome tena.

Nasikia minong'ono huko nyuma. Naam, najua. Sheria iko kitabuni na nyapara yuko getini. Anayedai haki leo kesho kidole cha nyapara kinampita. Changamwe alfajiri watu wamejaa kwenye mageti ya viwanda, vitambulisho viko mkononi, na kidole kinachagua: wewe, wewe, wewe wa shati la bluu. Sijaja hapa kuwaambia kwamba kifungu kitakushika mkono pale getini. Nimekuja kuwaambia kwamba ugomvi ukifika mahakama ya kazi, swali la kwanza litakuwa: ulifanya kazi siku zipi? Na hapo ndipo karatasi inaporudi kwa mara ya tatu.

Zamani ulipewa kikaratasi na tajiri. Leo mtu aliyepewa jina la karatasi ndiye asiye na karatasi hata moja. Kitambulisho chake kinabaki getini mchana kutwa, daftari liko kwa karani, mkataba hakuna. Lakini wengi wenu siku hizi mnalipwa kwa M-Pesa, sivyo? Ule ujumbe una tarehe, una saa, una kiasi, una jina la aliyetuma. Msiufute. Simu ikijaa, futeni picha za harusi za majirani. Pigeni picha ile kurasa ya daftari mnapotia sahihi, kama mnaruhusiwa, na msiporuhusiwa andikeni wenyewe jioni: tarehe, mahali, kazi, aliyekuwa nyapara. Wakili anaweza kufanya kazi na daftari la senti chache. Hawezi kufanya kazi na "nimekaa pale muda mrefu".

Na nyinyi makarani, mlioko upande wa kulia na mmekaa kimya kama hamjaitwa: ile herufi K ni nyinyi mnaoiandika.

Kuhusu uzito nitapita haraka, ingawa mwenyekiti aliniomba niguse. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967 lilipendekeza mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55, kwa hiyo mfuko mmoja wa simiti karibu unajaza kiwango chote, na hamali wa viazi anajua kwamba gunia halijawahi kusoma pendekezo lolote. Ndugu zetu wa Tanzania wana neno zuri la gunia lililoshonewa kofia juu, lumbesa. Huku Kenya kanuni za viazi za 2019 ziliweka kilo 50 kuwa mwisho. Nendeni Kongowea mkapime, kisha tuzungumze. Hilo lina hotuba yake.

Mama mmoja hapa mbele amenyoosha mkono tangu zamani. Karibu, mama.

Mama ameuliza: "Mimi nafua nguo majumbani, leo kwa huyu kesho kwa yule. Mimi nami ni kibarua? Maana umetaja makuli na wapagazi, wote wanaume."

Ahsante mama, na ni kweli. Kuli, hamali, mpagazi, yote hayo ukiyataja mtu anaona kifua cha mwanamume. Kibarua ndilo neno pekee katika ukoo huu lisiloangalia jinsia, na wanawake wamekuwemo ndani yake muda wote: kuchambua karafuu, kuchagua kahawa, kugonga kokoto kando ya barabara mtoto akiwa amelala chini ya kanga. Kwa hivyo kama unafua leo kwa huyu na kesho kwa yule, wewe ni kibarua kwa maana ile safi kabisa, ya hiari. Ila kama unafua kwa nyumba moja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa miaka, basi una kitu cha kudai, na nakuomba tukae tukimaliza hapa unieleze siku zako vizuri, kwa sababu hizo siku za kurukaruka zinahitaji wakili aziangalie.

Kijana wa habari naye. Anauliza: tuache kuandika kibarua? Tuandike nini?

Msiache. Mkiliondoa mtaweka "mfanyakazi wa muda", na mtu aliye mahali pamoja miaka sita hana umuda wowote. Mtakuwa mmemsaidia tajiri kusema uongo kwa lugha laini. Mimi ninachowaomba ni mambo mawili. Kocha mwacheni na kazi yake, ana mkataba. Na mkimwandika aliyeangukiwa na ukuta, ulizeni alikuwa akifanya nini pale na kwa muda gani. Alikuwa akibeba zege kwa karai? Akisukuma toroli? Akimkabidhi mwashi mawe? Akichimba msingi kwa sululu? Kila moja ya hizo ni kazi, ina ujuzi wake na njia yake ya kuumiza mtu, na wenzake waliobaki hai watawaambia jina lake kwa Kiswahili cha mjengoni mkiwauliza kabla nyapara hajafika.

Nani mwingine? Yule bwana wa fulana ya manjano, nyuma kabisa, njoo karibu na kipaza sauti.